Kuiteka Misri kwa Upinde wa Nubia

Katika Civilization VI, mchezo wa kompyuta ambamo kila mchezaji huongoza taifa zamu kwa zamu, Cleopatra huwapenda watu wenye jeshi kubwa. Ndivyo watengenezaji walivyomuumba: kila kiongozi anayeendeshwa na kompyuta ana jambo linalompendeza na jambo linalomkera, na kwa malkia wa Misri, jirani mwenye askari wengi anastahili heshima, ilhali jirani dhaifu ni wa kudharauliwa. Nilipokuwa nikipanga wapiga upinde wangu mpakani mwake, kikosi baada ya kikosi, alinitumia salamu za pongezi. Kadiri nilivyokaribia kumvamia ndivyo alivyozidi kunipenda, na kwa kuwa mapenzi hayo yalinipatia mikataba mizuri ya biashara, sehemu ya dhahabu iliyolipia vita ilitoka kwenye hazina yake mwenyewe.

Nilikuwa nikicheza kama Amanitore, kandake, yaani malkia, wa Kushi, ufalme wa kale wa Nubia, aliyetawala Meroë katika karne ya 1 BK pamoja na Natakamani. Cleopatra alikufa mwaka 30 KK, kwa hiyo wawili hao hawakuwahi kukabiliana, lakini mchezo huu hauna haja na mpangilio huo. Kila mtu huanza mwaka 4000 KK akiwa na kundi moja la walowezi na kikosi kimoja cha askari wa rungu, na viongozi wenyewe huishi hadi zama za roketi. Mfululizo huu ulianzishwa na Sid Meier na Bruce Shelley mwaka 1991. Toleo la sita lilitoka Oktoba 2016, Nubia ikaongezwa mwaka 2017, na nyongeza mbili kubwa za mwaka 2018 na 2019 zikaleta mambo mawili yanayonihusu hapa, yaani utiifu wa miji na manung'uniko ya mataifa. Njia za kushinda ni kadhaa: sayansi, utamaduni, dini, diplomasia, na ile ya kumiliki miji mikuu ya asili ya wapinzani wako wote. Nataka kuzungumzia njia hii ya mwisho, na hasa hatua yake ya kwanza, ambayo ni kumwondoa jirani wa karibu mapema, kabla hajajenga kuta.

Nubia imeundwa kwa ajili ya kazi hiyo. Wamisri wa kale waliiita Ta-Seti, nchi ya upinde, na mchezo umelichukua jina hilo na kuligeuza kuwa hesabu: vikosi vinavyopiga kwa mbali hutengenezwa kwa kasi zaidi kwa asilimia 30, na hupata uzoefu wa vita kwa asilimia 50 zaidi ya vikosi vya mataifa mengine. Mpiga upinde wa Nubia, anayeitwa Pitati, hutembea hatua tatu kwa zamu pale ambapo mpiga upinde wa kawaida hutembea mbili. Hatua hiyo moja inaonekana ndogo kwenye maandishi, lakini uwanjani ndiyo inayoamua mengi, kwa sababu Pitati anaweza kuingia ndani ya umbali wa kupiga, akarusha mshale katika zamu hiyo hiyo, na zamu inayofuata akarudi nyuma ya kilima na kumpisha mwenzake.

Watu wengi wanaoanza kucheza hudhani kwamba vita huanza pale mtu anapobofya kitufe cha kutangaza. Kwa maoni yangu, wakati huo vita vimekwisha kuamuliwa, na kinachobaki ni utekelezaji. Kazi yenyewe hufanyika zamu nyingi kabla, katika mambo ambayo mtazamaji angeyaona ya kuchosha. Unaunda warushaji wa kombeo wengi kwa sababu ni rahisi, kisha ukishagundua upinde unawabadilisha kuwa Pitati kwa kulipa dhahabu. Unaweka kadi ya sera iitwayo Agoge, inayoongeza kwa nusu kasi ya kuunda vikosi vya miguu na vya mishale vya zama za mwanzo. Unatuma msafara wa biashara kuelekea kwa yule yule unayetaka kumpiga, maana msafara huacha barabara nyuma yake, na barabara hiyo ndiyo jeshi litakayopita. Unahakikisha kuna chuma, kwa ajili ya askari wa panga. Kisha unamshutumu hadharani na kusubiri zamu tano, ili vita viwe rasmi badala ya kuwa vya kushtukiza, kwa sababu shambulio la ghafla huwachukiza mno viongozi wengine na chuki hiyo hudumu muda mrefu.

Cleopatra alibadilika nilipomshutumu, kama inavyotarajiwa, lakini kompyuta haina desturi ya kusoma ramani. Jeshi lilikuwa limesimama karibu na mji wake wa mpakani, yeye akaendelea kujenga piramidi.

Mji huo wa mpakani ulianguka haraka, na sitauzungumzia sana. Haukuwa na ukuta. Mpiga mishale hupunguziwa pointi 17 za nguvu anapolenga mji, kwa hiyo Pitati mwenye nguvu 30 huwa kama mwenye 13, lakini vikosi sita vikipiga kwa zamu mji mmoja usio na ukuta, hata nguvu hiyo ndogo inatosha. Anayeingia mjini lazima awe askari wa kupigana ana kwa ana. Mishale peke yake inaweza kuufikisha mji kwenye sifuri na ukabaki pale pale, hauna mlinzi wala mmiliki mpya. Nimewaona wachezaji wakifika na wapiga upinde kumi bila hata askari mmoja wa kuingia, wakazunguka mji kama watu waliosahau ufunguo.

Râ-Kedet, mji mkuu, ulikuwa habari nyingine. Cleopatra alikuwa amewahi kujenga ukuta wa kale, wenye pointi 100 zake mbali na zile 200 za mji wenyewe, na ukuta huo ulikuwa na wapiga mishale wake waliochagua kikosi kimoja kila zamu na kukiumiza. Mji ulikaa ukingoni mwa mto, jambo la kawaida kwa Misri ya mchezoni, kwa kuwa inapata faida ya uzalishaji kwa kujenga karibu na mto. Kwa anayeshambulia, mto ni adui wa pili: pigo la askari anayevuka maji hupunguzwa nguvu, na kuvuka kwenyewe humla hatua za ziada. Kati ya vigae sita, yaani vipande vya ramani, vinavyouzunguka mji, viwili vilikuwa ng'ambo ya mto, kimoja kilikuwa mlima, na vitatu vilikuwa wazi kwangu.

Mchezo mzima ulikuwa katika vigae hivyo vitatu. Mji wowote hujiponya pointi 20 kila zamu, isipokuwa umezingirwa, na kuzingirwa maana yake ni kwamba kila kigae kinachopitika kuuzunguka kimekaliwa na askari wako au kimo chini ya ulinzi wa askari aliye jirani nacho. Wapiga upinde hawana uwezo huo wa kulinda vigae vya pembeni. Askari wa miguu na wapanda farasi wanao. Kwa hiyo niliweka askari wa panga kwenye kigae cha kusini na mwingine cha magharibi, mkuki kwenye cha tatu, na kikosi cha farasi nikakipeleka kwa njia ndefu hadi ng'ambo ya mto, ambako hakikuwa na kazi nyingine yoyote ila kusimama. Pamoja na askari wa panga wa kusini nilipeleka gogo la kubomolea, ambalo hukaa kigae kimoja na kikosi kingine na haliwezi kupigana lenyewe, lakini askari yeyote wa miguu wa kupigana ana kwa ana aliye karibu na mji huo hupata uwezo wa kuuharibu ukuta kwa nguvu zake zote, badala ya ile sehemu ndogo ambayo upanga huambulia kwenye mawe.

Zamu ya kwanza ukuta ulipungua kidogo kuliko robo. Râ-Kedet akampiga askari wa panga wa kusini, halafu kikosi cha magari ya farasi ya Maryannu kikatokea nyuma ya mji na kumpiga tena, akabaki na theluthi ya uhai wake. Hapo ndipo ule uzoefu wa ziada wa Nubia ulipolipa. Kikosi kikijaza kiwango chake cha uzoefu unaweza kukipandisha cheo, na kupandishwa cheo humponya askari pointi 50 papo hapo, ingawa hupoteza zamu yake. Pitati wangu wawili walikuwa na vyeo vya akiba nilivyokuwa nimekataa kuvitumia mapema. Walisogea mbele wakampisha yule wa panga arudi kupumzika, wakapokea mishale ya ukuta, kisha wakapandishwa cheo wakiwa pale pale chini ya mji. Wengine wanne waliyamaliza yale magari ya farasi. Baada ya hapo ukuta ulikuwa ni suala la subira, na mji ulipokosa ukuta ulianguka ndani ya zamu mbili.

Mpwa wangu alikuwa amekaa pembeni yangu wakati huo, na kwa kuwa ana macho mazuri kuliko yangu, ndiye aliyeiona ile namba ndogo iliyo kando ya jina la mji, inayoonyesha idadi ya raia, ikishuka nilipoingia.

"Mjomba, hao watu wamekwenda wapi?"

"Vita, baba. Wamepungua."

"Lakini sisi tulikuwa tunapiga ukuta tu."

Sikuwa na jibu la kumpa, na mchezo nao haulitoi. Sehemu ya wakazi hupotea mji unapotekwa, na hapana mahali popote panapoeleza kama wameuawa, wamekimbia au wamechukuliwa mateka. Ni namba iliyobadilika, basi.

Wanaobaki ndio tatizo lenyewe. Katika bao, kete unazokula hazitoki mchezoni kama zinavyotoka katika sataranji. Unazipanda upande wako kuanzia kichwani, na papo hapo zinakusaidia kuwala wale zilizokuwa nao muda mfupi uliopita, bila kinyongo. Matoleo ya zamani ya Civilization yalikaribia bao zaidi kuliko hili, kwani kazi kubwa baada ya kuteka ilikuwa kutuliza hasira za raia. Tangu ilipoingizwa hesabu ya utiifu, mji uliotekwa una kumbukumbu na una majirani. Kila raia aliye ndani ya vigae tisa huuvuta mji upande wa taifa lake, na mvuto huo hupungua kwa asilimia 10 kwa kila kigae cha umbali. Ukiteka mji mmoja mdogo katikati ya miji mitano ya adui, mitano hiyo itauvuta hadi utiifu wake ufike sifuri, nao utaasi na kuwa mji huru wenye askari wake, na utalazimika kuuteka upya ukiwa umechoka.

Dawa inajulikana kwa wanaocheza: unapeleka gavana, ambaye huongeza pointi nane za utiifu kwa zamu, na wa kufaa zaidi ni Victor, anayeshika kazi baada ya zamu tatu wakati wenzake wanahitaji tano. Lakini gavana mmoja hawezi kukaa miji miwili. Kinachofaa hasa ni mpangilio wa kuteka. Mji mkubwa ndio wenye raia wengi, na raia ndio wanaovuta. Ukishauchukua Râ-Kedet, ule mvuto uliokuwa ukikupinga umehamia kwako, na miji midogo inayouzunguka inaanza kuyumba. Kwa sababu hiyo mimi hukataa ule ushauri wa kuanza na miji ya pembeni mmoja mmoja kwa usalama. Mmoja wa mpakani unatosha kuwa ngazi, baada yake uwe mji mkuu.

Hapa ndipo historia ya kweli ya Kushi inapoutia mchezo aibu kidogo, na ndiyo sababu iliyonifanya niandike. Karibu mwaka 728 KK, mfalme Piye wa Napata alishuka na Mto Nile na kuitiisha Misri, iliyokuwa imegawanyika baina ya watawala wengi, mwenye nguvu kuliko wote akiwa Tefnakht wa Sais. Habari za vita hivyo zimechongwa kwenye jiwe lililopatikana Jebel Barkal, katika Sudan ya leo, mwaka 1862. Jiwe hilo ni tangazo la ushindi, kwa hiyo si shahidi asiye na upande, lakini lina mambo ambayo mtu hawezi kuyabuni kwa ajili ya kujisifu tu. Mji wa Hermopolis ulizingirwa. Yakainuliwa matuta ya udongo na mnara wa mbao, ili wapiga upinde na wa kombeo wapate kushambulia kutoka juu, hadi mtawala wake Nimlot akatuma watu wamwombee. Piye alipoingia na kukagua mazizi, kilichomkasirisha zaidi ni kuwakuta farasi wakiwa na njaa. Huko Memphis, Tefnakht aliingia usiku akaweka askari 8,000, akaondoka kwa farasi kwenda kutafuta msaada kaskazini. Mto ulikuwa umejaa hadi mashua zikafungwa kwenye nyumba za ukingoni. Makamanda wakashauri matuta na ngazi; Piye akaziteka mashua za bandarini, akazipanga kwenye ukuta, na jeshi likapanda kutokea majini, upande ambao hapana aliyeutegemea.

Hayo mchezo unayaweza kwa namna yake. Kuna mnara wa kuzingira, kuna meli, kuna mto. Usichokiweza ni kile kilichotokea kati ya Hermopolis na Memphis. Alipofika Maidum na Ity-tawy, na kwenye ngome nyingine njiani, Piye aliwatumia wenyeji ujumbe kwamba wana njia mbili: wakifungua malango wataishi, wakiyafunga watakufa. Wakafungua. Jiwe linaeleza kwamba hazina za miji hiyo zilikwenda kwa mfalme na maghala yake ya nafaka kwa hekalu la Amun, na jeshi likasonga mbele. Sehemu kubwa ya ushindi ule ilipatikana kwa miji iliyofanya hesabu yake yenyewe na kuona haina faida kufa kwa ajili ya Tefnakht.

Katika Civilization VI hakuna mji unaoweza kufanya hesabu hiyo. Mji wenye raia wawili na ukuta ulioanguka, ukizungukwa na vikosi tisa, utapigana hadi pointi ya mwisho, kwa sababu mji hauna nafsi. Mwenye nafsi ni Cleopatra peke yake. Yeye anaweza kusalimu amri, baada ya zamu kumi za vita kupita, na katika mapatano anaweza hata kukupa mji ambao hujaufikia. Lakini gavana wa ngome iliyotengwa, wafanyabiashara wa bandarini, makuhani waliochoka na kodi, hawamo. Ninaona hili kuwa upungufu mkubwa zaidi wa michezo ya aina hii, kuliko ujinga wa kompyuta ambao kila mtu anaulalamikia, kwa sababu linamfundisha mchezaji kwamba mji ni gamba la kuvunjwa, na kwamba kuvunja ndiyo lugha pekee unayoielewa.

Hata miji-dola, yaani mataifa madogo ya mji mmoja, inatendewa hivyo hivyo, ingawa yenyewe inabembelezwa kwa wajumbe. Katika ramani ile Zanzibar ilikuwepo, pwani ya mashariki, na nilikuwa nimeipelekea wajumbe wa kutosha niwe mlezi wake. Mlezi wa Zanzibar hupata mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo haziwezi kupatikana kwa njia nyingine yoyote ndani ya mchezo, na kila moja hutosheleza raia wa miji sita. Karafuu, ambazo kwa kweli zilifika Unguja katika karne ya 19 tu, zilikuwa zikiwatuliza watu wa Râ-Kedet kabla ya kuvumbuliwa kwa rikabu za farasi. Sikulalamika. Mlezi pia anaweza kulipa dhahabu na kuchukua amri ya jeshi la mji-dola kwa muda, nami nilifanya hivyo, nikawaona askari wa Zanzibar wakipanda bonde la Nile kwenda kusimama kwenye vigae vya kuzingira. Walikuwa wepesi kufa, lakini kigae kilichokaliwa ni kigae kilichokaliwa.

Cleopatra alibaki na mji mmoja, mdogo, kwenye ukingo wa jangwa, uliozungukwa pande tatu na miji iliyokuwa yake. Aliomba amani, akaahidi dhahabu kwa kila zamu. Kwa ushindi wa kuteka miji mikuu sikuwa na haja tena na mji huo, kwa kuwa mji mkuu wa asili ulikuwa tayari mkononi mwangu, na kuuchukua kwa nguvu kungeongeza manung'uniko ya mataifa mengine bila sababu. Nikakubali. Nikapeleka wapiga upinde nyumbani, nikaanza kutengeneza yaliyoharibika Râ-Kedet: shamba, chuo, na mnara wa ukumbusho ambao nao huongeza utiifu kidogo.

Kilichofuata hakikuhitaji hata mshale. Raia wa Râ-Kedet walivyozidi kuongezeka ndivyo walivyouvuta ule mji wa jangwani, na mshale mwekundu kando ya jina lake ukawa mkubwa zamu baada ya zamu, mpaka ukaasi, ukawa mji huru, na baada ya muda ukajiunga na Nubia. Taifa la Misri likatoweka kwenye orodha ya mataifa, na hakuna kiongozi aliyeninung'unikia, kwa kuwa kwa mujibu wa kanuni sikufanya lolote.

Hicho ndicho kitu kilicho karibu zaidi na malango ya Maidum ndani ya mchezo huu, nami sasa hukipanga tangu mwanzo: mji mmoja wa ngazi, mji mkuu, amani ya haraka, kisha kilimo. Kuna sharti moja. Mvuto wa kila raia wako huzidishwa mara moja na nusu ukiwa katika zama za dhahabu, na hukatwa nusu ukiwa katika zama za giza, kwa hiyo vita vinapaswa kumalizika zamu chache kabla zama hazijabadilika, ukiwa na pointi za kutosha kuingia zama za dhahabu. Kuuteka mji mkuu wa adui kwenyewe huongeza pointi za zama. Ukiingia zama za giza ukiwa na Râ-Kedet mkononi na yeye akaingia za dhahabu na mji wake mmoja, basi mvuto wa raia wake wachache unakuwa na uzito wa mara tatu ya wako, mtu kwa mtu, na Victor itabidi akae hapo hapo muda mrefu kuliko ulivyokusudia.